Televisheni Majumbani Mwetu

Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu kwa neema zake zisizo hesabu, na kumsalia Mtume wetu Muhammad, rehema na amani zimshukie yeye na jamaa zake na masahaba wake, nataka kusema nanyi, ndugu zangu Waislamu wa mji huu wa Mombasa na wa pwani yote, juu ya jambo tulikutalo kila jioni tuingiapo majumbani mwetu, nasi hatuliulizi swali. Jambo lenyewe ni televisheni. Je, yafaa ikae ndani ya nyumba zetu kama ikaavyo leo? Au Muislamu mwenye akili na dini yake aweza kuchagua kuishi bila ya televisheni nyumbani, wala asihesabiwe mjinga wa mambo ya dunia, wala mkali wa kupita mpaka?

Wanaoniuliza juu ya jambo hili baada ya darsa ni wa namna tatu. Kuna baba atakaye fatwa ya haramu, aende nayo nyumbani kama bakora. Kuna kijana atakaye fatwa ya halali, ili amnyamazishe baba yake. Na kuna mama, naye hutuma swali lake kwa mkono wa mtoto au wa jirani, ambaye hataki kujua halali wala haramu. Yeye ataka kujua afanyeje na watoto waliompotea na hali wamo mumo humo nyumbani. Nitawajibu wote watatu, kwa taratibu, mmoja baada ya mmoja.

Ama wewe utakaye haramu, fahamu ya kuwa kuharamisha si kazi nyepesi. Mwenyezi Mungu katika Suratun-Nahl ametukataza kuziachia ndimi zetu zikasema kwa uwongo hiki ni halali na hiki ni haramu, tukawa tumemzulia Yeye. Chombo hiki hakikuwapo zama za Mtume; kilionyeshwa mbele ya wataalamu mjini London mwaka wa 1926 na Mskochi aitwaye John Logie Baird. Na kanuni ya wanavyuoni ni kuwa vitu vya dunia asili yake ni uhalali mpaka ipatikane dalili ya kuvikataza. Wako waliokitia chombo hiki katika mlango wa kuchora sanamu. Lakini swali la picha za kamera lilipozuka zamani, Sheikh Muhammad Bakhit al-Mutii, aliyepata kuwa Mufti wa Misri, aliandika risala akaeleza ya kuwa kamera hukinasa kivuli cha kile alichokwisha kukiumba Mungu, wala haishindani na uumbaji wake. Tena imepokewa katika Bukhari na Muslim ya kuwa Mtume, rehema na amani zimshukie, alimsitiri Bibi Aisha akamwacha awatazame Mahabushi wakicheza na mikuki yao msikitini siku ya Idi, wala hakumwondoa mpaka aliposhiba mwenyewe kutazama. Basi kutazama mchezo ulio safi si dhambi, na mwenye kuwanyima watu wa nyumbani mwake kila furaha asidai kuwa ameifuata Sunna.

Na tuyazingatie yaliyotokea Saudia. Mwaka wa 1965, katika utawala wa Mfalme Faisal, televisheni ilipoanzishwa huko, wako waliopinga kwa nguvu mjini Riyadh, na kijana mmoja wa ukoo wa mfalme akauawa katika msukosuko ule. Leo nchi ile ile hurusha kwa televisheni Sala za Msikiti Mtukufu wa Makka, nazo hutazamwa hata katika vichochoro vya Mji wa Kale. Hapa kwetu pia, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alipotaka kuwaamsha Waislamu hakuogopa chombo kipya. Alitoa gazeti la Sahifa mwaka wa 1930, na la Al-Islah mwaka wa 1932. Chombo hakina dini. Wanavyuoni wa usuli husema njia hupewa hukumu ya kile kinachokusudiwa kwayo. Basi hiyo bakora ya haramu sikupi.

Ama wewe kijana utakaye halali, usicheke upesi. Neno halali maana yake ni kuwa mlango uko wazi. Halikuamrishi kuingia, wala halikuamrishi kulala humo. Asali ni halali, na mwenye kuila mchana kutwa na usiku kucha huugua. Mtume ametufundisha, katika hadithi iliyopokewa na Nuuman bin Bashir, ya kuwa halali iko wazi na haramu iko wazi, na baina yake mna mambo yenye kutatiza. Na akamfananisha mwenye kuyaingia na mchungaji alishaye kando ya malisho yaliyozuiliwa, ambaye wanyama wake wa karibu mno kuvuka. Akafundisha tena ya kuwa katika uzuri wa Uislamu wa mtu ni kuyaacha yasiyomhusu. Basi mtu aishiye bila ya televisheni kwa hiari yake hakuharamisha kitu. Amepima faida kwa mkono huu na hasara kwa mkono huu, akaona kwa nyumba yake hasara ni nzito zaidi. Mimi ni mmoja wa watu hao. Nyumbani kwangu televisheni haimo, wala simwambii jirani yangu aliye nayo kuwa ni fasiki.

Sasa tuzipime hizo faida na hasara, kwani mizani bila ya vipimo ni maneno matupu.

Mgeni huyu aliingia Kenya mwaka wa 1962, mwaka mmoja kabla ya uhuru. Kwa miaka mingi stesheni ilikuwa moja, ya serikali, na saa zake zilikuwa chache. Mwaka wa 1990 ikaja ya kwanza isiyokuwa ya serikali, kisha nyingine zikafuata kama mvua ya masika. Mwaka wa 2015 nchi ikaacha mitambo ya zamani ikaingia katika ya dijitali, na leo kwa king'amuzi kidogo nyumba ya chumba kimoja hupata makumi ya stesheni, usiku na mchana. Wazee wetu walisema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu tumemkaribisha zaidi ya miaka sitini, na jembe hajashikishwa. Tena tumempa mahali pa heshima pa kuwashinda wote, maana viti vyote vya ukumbini vimemwelekea yeye. Viti vya wazee wetu vilielekeana, mtu akimwona mwenziwe uso.

Hasara ya kwanza ni ya wakati ulio baina ya Maghribi na Isha. Hapa pwani wakati huo ni kiasi cha saa moja na dakika chache, nao haubadiliki sana mwaka mzima. Wakati huo wazee wetu waliufanya wa chuo, wa nyiradi na wa darsa. Leo taarifa ya habari ya Kiswahili husomwa saa moja ya jioni, yaani katikati ya wakati huo hasa, na ikiisha huja tamthilia, na muadhini wa Isha huwakuta watu wako katikati ya kisa. Hebu tuhesabu. Msahafu uliochapishwa Madina una kurasa 604. Mtoto akihifadhi nusu ukurasa tu kwa siku katika saa ile moja, atamaliza kwa siku 1,208, nazo ni miaka mitatu na miezi isiyotimia minne. Nakubali ya kuwa si kila mtoto ataweza, na kuna siku za maradhi na siku za kurejea aliyoyasoma. Mpe mara mbili ya muda huo. Atakuwa ameanza ana miaka saba na amemaliza hajatimiza kumi na minne. Hiyo ndiyo bei ya saa moja, nasi twailipa kila jioni bila ya kuuliza tumenunua nini.

Hasara ya pili ni ya usiku. Imepokewa na Abu Barza, katika Bukhari, ya kuwa Mtume alikuwa akichukia kulala kabla ya Isha na kuzungumza baada yake. Wanavyuoni wakatoa katika hukumu hiyo mazungumzo ya elimu, na ya mtu na mgeni wake, na ya mtu na watu wake. Tazameni jinsi mambo yalivyogeuka. Yale yaliyoruhusiwa ndiyo yaliyokufa, kwani mtu hazungumzi tena na mkewe wala mgeni wake. Wote wawili wametazama mbele. Na lile lililochukiwa, la kukesha kwa upuuzi, ndilo lililobaki. Kisha alfajiri twalaumu usingizi, na usingizi hauna kosa. Twende tukahesabu safu za Sala ya Alfajiri katika misikiti yetu, tukazilinganishe na watu waliokesha kwa mpira usiku wa jana.

Hasara ya tatu ni ya macho na ya haya. Katika Suratun-Nur Mwenyezi Mungu amewaamrisha waumini wanaume wainamishe macho yao, kisha akawaamrisha waumini wanawake vivyo hivyo. Na katika sura hiyo hiyo ametukataza kuingia nyumba zisizo zetu mpaka tuombe ruhusa na tuwasalimu wenyewe. Sisi watu wa pwani twajisifu kwa adabu ya hodi. Mtu hata awe ndugu wa damu husimama mlangoni akaita hodi, akangojea karibu. Zaidi ya hayo, sura hiyo yafundisha ya kuwa hata watoto wa nyumbani wasiobaleghe waombe ruhusa kwa nyakati tatu: kabla ya Sala ya Alfajiri, na wakati wa adhuhuri watu wavuapo nguo zao, na baada ya Sala ya Isha. Basi ikiwa mtoto wako wa tumboni ameamrishwa kubisha hodi nyakati hizo, je, huyu mwanamume nusu uchi na huyu mwanamke nusu uchi, waliokuja kukuuzia sabuni na manukato, wameingia chumbani mwako baada ya Isha kwa hodi ya nani? Mtu husema, mimi hubadilisha upesi ninapoona ubaya. Lakini jicho huona kabla ya kidole kubonyeza, na binti yako aliyeketi kando yako ameona alichokiona baba yake, na baba ameona ya kuwa binti ameona. Wakijifanya hawakuona mara mia, haya huwatoka wote wawili, na haya ikishatoka hairudi kwa kubadilisha stesheni.

Hasara ya nne ni ya ulimi. Nyumba zetu zilikuwa na bibi mwenye hadithi na vitendawili, na mama mwenye kusoma utenzi kwa sauti usiku, na watoto wakijua jina la kila samaki na la kila pepo za kaskazi na kusi. Leo mtoto wa Kuze au wa Kibokoni ajua majina ya waigizaji wa nchi za mbali, na ukimwuliza jina la baba wa babu yake hulijui kwake. Lugha haipotei kwa kukatazwa. Hupotea kwa kukosa masikio ya kuisikiliza. Bibi hawezi kushindana na sanduku lenye ngoma na rangi, naye akiona hasikilizwi hunyamaza, na akifa huzikwa na hadithi zake.

Na asidhani mtu ya kuwa haya ni maneno ya masheikh peke yao. Mwaka wa 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo juu ya watoto wadogo, likashauri ya kuwa mtoto asiyetimiza miaka miwili asikalishwe mbele ya kioo cha picha kabisa, na wa miaka miwili mpaka minne asizidishe saa moja kwa siku, na ikipungua ni bora. Madaktari hao hawakuwa wakizungumza habari za akhera. Walizungumza habari za usingizi wa mtoto, na mwili wake, na kucheza kwake. Nasi twamlaza mtoto wa miezi sita mbele ya televisheni ili mama apike mahamri kwa utulivu, tukaiita msaidizi.

Juu ya hayo kuna mali. Ada ya mwalimu wa chuo hucheleweshwa mpaka aione haya kuidai. Ada ya king'amuzi hailali, kwani isipolipwa picha hukatika siku hiyo hiyo. Laiti mwalimu naye angekuwa na swichi!

Sasa nitazijibu hoja za wapingao, maana ni hoja zenye uzito, wala si haki kuzipita.

Wasema, bila ya televisheni tutakosa habari. Nami nasema, Tanzania Bara haikuwa na televisheni mpaka mwaka wa 1994, ilhali Zanzibar ilikuwa nayo tangu mwanzo wa miaka ya 1970. Je, watu wa Dar es Salaam na Tanga walikuwa hawajui yanayotokea duniani? Walisikiliza redio na kusoma magazeti. Na hapa kwetu, mwezi wa Februari mwaka wa 2015, stesheni kubwa za watu binafsi zilizimika karibu majuma matatu kwa ugomvi wa kuhamia dijitali. Sokoni Marikiti watu waliuza na kununua, na habari zilifika kama kawaida. Redio yatosha, na gazeti latosha, tena gazeti lina adabu, maana hukungoja mpaka umalize Sala yako.

Wasema, mna elimu na mawaidha na Makka. Ni kweli, wala siikatai kweli. Lakini kila mtu ajihesabu mwenyewe kwa uaminifu juma moja tu: aandike katika karatasi ni saa ngapi nyumba yake ilitazama mawaidha, na ni saa ngapi ilitazama mengineyo. Ikiwa mawaidha yameshinda, na aiweke, na Mungu ambariki. Ikiwa yameshindwa, asimfanye Kaaba kuwa kanzu ya kufunikia tamthilia.

Wasema, watoto watakwenda kutazama kwa jirani. Naam, watakwenda. Wa kwangu pia wamekwenda, wala sikufunga mlango. Lakini mtoto aendaye kwa jirani huomba ruhusa, hutawadha miguu yake, hukaa kwa adabu ya ugenini, na ikisikika adhana hurudi kwao. Jambo ulifuatalo si sawa na jambo likaalo nawe. Wajibu wa mzazi hapo ni kuijua nyumba aendayo mtoto, na kusema na jirani yake kwa mapenzi, na huo peke yake ni ujirani tulioupoteza.

Wasema pia, umeitoa televisheni ukutani ukaitia mfukoni, maana simu yako yaonyesha yote hayo na zaidi. Hii ndiyo hoja kubwa kuliko zote, na aisemaye amesema kweli. Mtu aliyeiondoa televisheni ukumbini kisha akajifunika shuka na simu mpaka saa sita ya usiku hakufanya kitu, isipokuwa amelihamisha ovu kutoka penye watu mpaka pasipo na watu, na pasipo na watu ni pabaya zaidi. Basi hukumu ya simu ni hiyo hiyo. Kwetu simu zote, na ya baba ni ya kwanza, hukaa katika kikapu karibu na mlango tangu Maghribi mpaka baada ya Isha, na hailali hata moja chumbani mwa mtoto. Baba asipoanza na yake asimguse mtoto ya kwake.

Nimefika sasa kwenye swali la yule mama, na jibu lake, enyi wanaume, ni lenu nyinyi kulisikia kabla yake. Mume aiondoaye televisheni kwa ghadhabu, kisha baada ya Isha akavaa kofia yake akatoka kwenda barazani kwa kahawa na siasa mpaka saa tano ya usiku, hakuisafisha nyumba. Amemnyang'anya mkewe mwenzi wa pekee aliyembakia. Mwanamke aliyeshinda jikoni na kufua na kulea, ambaye hana mtu wa kusema naye isipokuwa watoto, mnamlaumu kwa kukitazama kisa cha watu wasiokuwapo? Waliopo wako wapi? Nayasema haya bila ya kuficha, kwa kuwa nyumba nyingi haikuziharibu televisheni. Iliingia ikakuta mahali pa baba ni patupu, ikakaa.

Basi dawa huanza na shauri. Katika Suratul-Baqara Mwenyezi Mungu amewawekea wazazi ya kuwa wakitaka kumwachisha mtoto ziwa, wafanye hivyo kwa kuridhiana wao wawili na kushauriana. Tazameni hekima hii. Kuachisha ziwa ni jambo dogo la chumbani, na juu ya hivyo Mungu hakuliacha kwa amri ya mtu mmoja. Nayo nyumba yetu imelinyonya ziwa hili miaka sitini. Ataliachishaje baba peke yake, kwa siku moja, kwa kelele? Mtoto aachishwaye kwa ukali hulia, na akipata nafasi hurudi. Aachishwaye kwa upole, akapewa uji kwanza, husahau.

Keti na mkeo, ewe ndugu yangu, mwulize haja yake. Akikubali, anzeni na ile saa ya Maghribi mpaka Isha, siku zote saba, kwa muda wa mwezi. Mwezi wa Shaabani wafaa sana, ili Ramadhani iwakute mmekwisha zoea, maana usiku wa Ramadhani ndio siku hizi umegeuzwa kuwa soko la tamthilia. Kisha pale palipoachwa wazi pajazeni. Baba arudi kutoka msikitini aketi na wanawe, kila mmoja asome aya chache, na aliye mkubwa amsahihishe mdogo. Baada ya hapo bibi apewe nafasi ya kwanza kusema, wala asikatizwe. Siku za mapumziko watoke pamoja, waende ufukoni Mama Ngina kwa mihogo na madafu, au wamzuru jamaa aliye mgonjwa, kwani mtoto asiyejua njia ya kwa shangazi yake hataiuliza njia hiyo baada ya wewe kufa. Ukimya wa siku za mwanzo utawalemea. Watoto watasema nyumba imekufa. Vumilieni. Baada ya siku chache mtasikia sauti ambazo zilikuwapo siku zote, ila hazikuwa na mahali pa kupita.

Na asiyeweza kuiondoa, kwa kuwa mwenziwe hakuridhia au anakaa nyumba ya jamaa, asikate tamaa. Na aiwekee mpaka: isiingie chumba cha kulala, izimwe kwa adhana, isiwashwe watu wanapokula, na kila kipindi kitazamwe kwa nia kisha izimwe, isiachwe ikinguruma kama mtambo usio na mwenyewe. Huyu naye yu katika jihadi, na huenda ujira wake ukawa mkubwa, kwani hushindana nayo kila siku.

Nanyi mliokwisha kuiacha, nawausia jihadharini na kibri. Msiifanye nyumba isiyo na televisheni kuwa bendera, mkaingia kwa watu mkakunja uso na kugeuza kiti. Aliyeacha jambo la mubaha akalipata la haramu, nalo ni kumdharau ndugu yake Muislamu, amefanya biashara ya hasara. Na wala msitosheke kwa kuacha. Saa iliyookolewa kwa televisheni ikatumiwa kwa kusengenya watu, bora ingaliliwa na televisheni.

Ndugu zangu, Mtume ametufundisha ya kuwa kila mmoja wetu ni mchungaji, na kila mchungaji ataulizwa juu ya alichokichunga. Ametufundisha ya kuwa watu wengi wamepunjika katika neema mbili, nazo ni afya na wasaa. Na ametujulisha ya kuwa nyayo za mja hazitaondoka mahali pake Siku ya Kiyama mpaka aulizwe, miongoni mwa atakayoulizwa, juu ya umri wake ameumaliza katika nini. Umri ni hizi jioni. Mwenyezi Mungu hatatuuliza jioni za watu wa Riyadh wala za watu wa London. Atatuuliza za ukumbini mwetu, pamoja na watoto wale wale waliokuwa wameketi karibu nasi. Basi kila mmoja ajibu leo, maadamu jibu laweza kubadilika.

Ewe Mola wetu, zijaze nyumba zetu utajo wako, na uzipe masikizano baina ya wake na waume. Utuhifadhie macho yetu na ya watoto wetu, utubarikie katika nyakati zetu, na utupe ujasiri wa kuanza na nafsi zetu kabla ya kuwaamrisha wenzetu. Amin.

Wassalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh.